Abiria Asiyesafiri

Kila asubuhi mke wa Stanislas alivaa kama mtu anayesafiri, akaketi dirishani katika basi la Alfani, na kabla basi halijaondoka akashuka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ikiwa mambo kama hayo yanaitwa kazi. Alfani, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Kasongo, alikuwa ameleta basi jeupe la kwenda Lubumbashi kupitia Tenke na Likasi, akaliandika ubavuni kwa rangi ya kijani: WIFI BURE. Watu wa Kolwezi walicheka kwanza, kisha wakapanda. Lakini abiria ana tabia yake: hapandi basi tupu. Akiona viti viko wazi anajua atangojea mpaka jua limpasue utosi, kwa hiyo huvuka barabara akapanda la jirani. Ndipo Kabemba, aliyeita abiria kwa niaba ya Alfani, alipoanza kutafuta watu wa kujaza macho: mama mwenye kitenge safi na begi mapajani, mzee mwenye kofia na mwavuli. Wasafiri wa kweli wakishajaa, wale wa uongo hushuka mmoja mmoja kama watu waliosahau ufunguo nyumbani. Malipo yao yalikuwa ile wifi. Kode ya kuingilia aliiandika Kabemba mwenyewe, kwa kidole chake, katika simu ya kila mmoja, maana kode ikitamkwa pale parking, kwenye kituo cha mabasi, adhuhuri haifiki mji mzima unayo.

Begi la Mujinga, huyo mke wa Stanislas, lilijaa matambara. Pale dirishani hakutazama picha wala hakupiga soga na mtu. Alituma barua za kuomba kazi, moja baada ya nyingine, kwa kampuni ndogo zinazohudumia migodi kutoka Kolwezi hadi Fungurume. Barua hizo hazikuwa na jina lake. Zilikuwa na jina la mume wake.

Stanislas alijua. Ni yeye aliyemtuma.

Mwenyewe hangeweza kwenda. Parking nzima ilimjua, na kwa wote waliomjua Stanislas alikuwa fundi umeme wa mgodini, zamu ya usiku. Ukweli ulikuwa mwingine. Asubuhi moja mlinzi wa langoni alimpa kile kimashine cha kupima pombe, akapuliza, taa ikawa nyekundu. Jana yake alikuwa kwenye kilio cha rafiki, wakampitishia kikombe cha lutuku, pombe kali ya kienyeji, akanywa, kikapita tena, akanywa tena. Mlinzi alichukua mkasi akakata kadi yake ya kazi vipande viwili mbele ya foleni ya wafanyakazi, na hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Na huyu ndiye Stanislas aliyefundisha katekisimu parokiani na kuwakemea vijana wanaonuka pombe. Tangu siku ile, mchana alijilaza nyuma ya pazia macho wazi, na jioni alivaa buti zake akaenda kukaa kwa rafiki mwingine aliyelinda ghala la saruji.

"Bamejibu?" alimwuliza mke wake kila aliporudi.

"Mumoja. Anasema nafasi ilishajaa."

"Na ule Kabemba, anakuangaliaka namna gani?"

Mujinga alivua viatu vyake vya safari, akavipangusa vumbi. "Sawa vile bantu banaangaliaka gunia ya makala. Anataka tu nijaze fasi." Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. "Tata Mianda, tutafanya hivi mpaka siku gani? Mama mumoja ananiuliza: kila siku uko mu bus ya Likasi, unarudiaka na nini? Nikamwambia ninaendaka ku matunzo. Sasa parking yote inasema niko na ugonjwa."

"Vumilia. Nikipata kazi ingine, maneno itaisha yenyewe. Yaya Mbelu tu asijue. Akijua, mi nimekufa."

Mbelu ndiye dada aliyemlea Stanislas baada ya wazazi wao kufa. Alichoma makala kule Mutshatsha, akayauza kando ya reli, na kwa makala hayo akamsomesha mdogo wake mpaka diploma ya umeme. Mikono yake ilikuwa bado na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, na katika kila sherehe ya ukoo aliinyanyua juu akisema: "Huu weusi, njo Stani."

*

Hapo ndipo Mianda alipougua.

Alikuwa mtoto wao pekee, binti mdogo aliyekuja baada ya mimba mbili kuharibika. Homa ilimpanda mpaka akawa anaongea na watu wasioonekana. Kwenye kituo cha afya walimtundikia dripu, lakini vitanda vilikuwa vimejaa, watoto wawili kwa kitanda kimoja, kwa hiyo wakamrudisha nyumbani, na nesi akawa anapita kumchoma sindano. Mujinga aliacha kwenda parking. Alikaa sakafuni kando ya godoro na kitambaa cha maji.

Mbelu alifika kutoka Mutshatsha na unga wa muhogo na kuku wawili walio hai, akaishika nyumba. Alipika, akafagia, akamwosha mtoto, na macho yake hayakuacha kumfuata mke wa mdogo wake.

"Sindano inaingia, homa haitoke," alisema. "Mi nimezaa batoto saba. Kuko homa ya mbu, na kuko homa ya nyumba."

Mujinga alikamua kitambaa, akakilaza tena juu ya paji la mtoto.

Alasiri basi la Alfani likarudi kutoka Lubumbashi. Barabara kubwa ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mabomba, magari yote yalipitia uchochoroni mwao, na basi likasimama mbele ya ua wao kabisa ili kushusha mama mmoja na magunia yake. Simu ya Mujinga, iliyokuwa mezani, ikalia. Ikanyamaza, ikalia tena, kisha ikalia mfululizo kama iliyopandwa na wazimu.

"Bibi yetu," Mbelu alimwambia mke wa mdogo wake polepole. "Asubuhi nilikuomba simu nimuite mukubwa wetu, Tata Tshilombo, ku WhatsApp. Ukaniambia hauna mega hata moja. Sasa ile bitu inaingia inatoka wapi?"

Mujinga alinyoosha mkono, lakini Mbelu alikuwa karibu zaidi. Aliiweka simu mbali na macho yake, kama wasomavyo watu wasio na miwani, akatafuta juu ya kioo mpaka akapata jina la mtandao. "Bus Alfani," akasoma. Akageukia dirisha. Nje basi bado lilinguruma, maandishi ya kijani yakitazama ndani ya nyumba.

"Pasaka nilipanda ile bus. Kabemba hasemake kode na kinywa. Anakamata simu yako, anaandika na kidole yake. Sasa simu ya bibi ya ndugu yangu iliingia mu mukono ya Kabemba juu ya nini? Ulisafiri wapi, Mama Mianda? Stani, bibi yako alisafiri?"

Stanislas, aliyeketi nyuma ya dada yake, hakusikia swali. Alikuwa anatazama simu. Majibu ya barua yalikuwa yanajitokeza kwenye kioo moja juu ya jingine, na kutoka pale alipoketi aliona jina lake mwenyewe: Monsieur Stanislas. Mbelu alikuwa bado hajashusha macho. Angeyashusha tu, basi.

Mujinga aliruka akampokonya simu, akaizima, akaifunga katika pindo la kitenge chake.

Wote watatu walijua kitendo hicho kinafananaje. Mwanamke asiye na la kuficha hampokonyi wifi yake simu.

Neno lilikuwepo kwenye ulimi wa Stanislas: mi njo nilimutuma. Neno dogo. Lakini nyuma yake yalipanga foleni mengine, taa nyekundu, mkasi, kikombe cha lutuku, na alijua akilivuta moja yatamwagika yote, mbele ya mikono ile myeusi.

"Yaya," alisema, "mutoto amelala. Tuseme pole pole."

*

Tshilombo, mkubwa wa ukoo wao pale Kolwezi, mstaafu wa reli, alikuja kesho yake asubuhi amevaa koti. Hakuwa mtu mkali. Alimtazama Mianda kwanza, akamshika paji la uso, akatikisa kichwa. Kisha akaomba viti vitolewe uani.

Familia kama yao, zilizotoka Kasai, zimebeba jambo hili tangu treni zilizowaleta babu zao: mwanamke aliyeolewa akipokea kitu cha mwanamume mwingine kwa siri, iwe ni mwili wake au kipande cha kitambaa, anaingiza uzito nyumbani, na uzito ule humwangukia aliye mdogo kuliko wote. Wanauita tshibawu. Dawa yake ni kusema. Akisema, mtoto anapona. Akinyamaza, mtoto anakufa, na kila mtu atajua aliyemuua.

Mujinga aliketishwa chini, kwenye udongo, bila viatu na bila kitambaa cha kichwani. Stanislas alipewa kiti chenye mto. Upande wa pili wa ua wa matete, kwa jirani yao Mama Bilkisi, sauti ya masufuria ilikoma.

"Muke wetu," Tshilombo alianza, "hatukukuita juu ya kukupiga. Tunataka mutoto apone. Ulikamata kitu ya mwanaume mwingine?"

"Nilikamata."

"Kitu gani?"

"Wifi."

Tshilombo alimgeukia Mbelu. "Ile njo nini?"

"Internet, mukubwa. Ya bure."

"Mwanaume hapanake kitu bure," alisema mzee. "Ulilipa na nini?"

"Na kukaa. Nilikaa mu kiti, bantu baone bus imejaa. Kiisha nikashuka."

Mbelu alicheka kwa pua. "Kukaa! Unasikia, mukubwa? Alivala liputa, kitenge ya ndoa yake, akajipaka mafuta, akaenda kukaa!"

"Muache aseme. Alikugusa?"

"Apana. Aligusa simu tu."

"Na ile internet ulifanya nayo nini? Ulikuwa unasema na nani?"

Mujinga alitazama mikono yake. "Ile siwezi kusema, tata."

Mzee alipumua kwa nguvu. Ndani mtoto alikohoa, na wote wakageuza vichwa mlangoni kisha wakavirudisha.

"Nitakuuliza moja tu, tumalize. Bwana akijua, haiko kosa. Ni biashara ya nyumba yao, sisi haituangalie. Bwana asipojua, ni tshibawu. Bwana yako alijua?"

Mujinga aliinua uso akamtazama mume wake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeshikilia mlango ili mwenzake apite.

Stanislas alitazama viatu vyake. Alikuwa amevipaka rangi asubuhi ile, na tayari vumbi jeupe la malori lilikuwa limevitanda. Akaona pia kwamba kamba moja imelegea. Akainama akaifunga.

"Hakujua," Mujinga alisema.

Mbelu akapaza sauti ya shangwe na kilio kwa pamoja. Kuku akaletwa. Paji la uso la mtoto likapakwa pemba, chokaa ya wahenga, na Mujinga akasema maneno yaliyotakiwa: nilikamata kitu ya mwanaume, nikafichama, bwana yangu asikasirike na nyumba isikasirike. Aliyasema wima, kwa sauti isiyotetemeka, na hakumtazama Stanislas tena.

*

Jioni ile nesi alipita akamchoma Mianda sindano ya mwisho. Usiku mtoto akatoka jasho, na kulipokucha alikuwa ameketi, anataka chai. Nesi alisema ile dawa huchukua muda kushika. Alisemea upepo. Mbelu alikuwa tayari anacheza uani.

"Munaona? Munaona? Na bazungu banasema eti ni mbu!"

Habari ikatembea. Kwenye bomba la maji wanawake walimpisha Mujinga atangulie, si kwa heshima, bali ndoo zao zisiguse yake. Baada ya misa wanaume walimshika Stanislas mkono kwa mikono yao miwili. "We ni mwanaume," walimwambia. "Mwengine angemufukuza siku ileile." Padri mwenyewe alimpigapiga begani. Stanislas aliitikia kila mmoja kwa kichwa, na kila alipoitikia aliona jinsi kuitikia kunavyokuwa rahisi.

Kabemba alimvizia kwenye kona, karibu na wauza mafuta ya magari. Hakuwa na ile sauti yake ya parking.

"Tata, patron Alfani amenisimamisha. Anasema bus yake haiwezi kubeba jina hii, yeye ni muntu wa msikiti. Niko nyumbani mpaka maneno ipoe. Na bibi yangu alirudia kwa mama yake."

"Pole," Stanislas alisema.

"Pole?" Kabemba alimtazama kutoka kwenye viatu mpaka usoni. "Bibi yako aliniambiaka kila asubuhi: vumilia, Kabemba, bwana yangu akipata kazi nitakuletea fanta. Kila asubuhi! Mi sikuambie muntu. Nilifikiri weye mwenyewe utasema. We ni mufundisha dini."

Akaenda zake bila kumuaga.

Nyumbani Mujinga hakumlaumu kwa neno. Alipika, akafua, akamlaza mtoto. Ila aliacha kumwita Tata Mianda. "Bwana, chakula," alisema, "Bwana, maji ya kuoga iko tayari," kama mtumishi aliyeajiriwa juzi.

"Mujinga," alimwambia siku moja akiwa amesimama nyuma yake jikoni, "mi nitasema."

"Utaambia nani?" Hakugeuka. "Mi ninajua tayari."

*

Jumapili kabla ya Mbelu kurudi Mutshatsha, Tshilombo aliita ukoo kula pamoja ili kulifunga lile jambo. Walijaa sebuleni, wajomba na shangazi, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi la malori. Kuku wa pili wa Mbelu alikuwa kwenye sahani, na paja lake lilikuwa mbele ya Stanislas. Mujinga alikuwa jikoni, kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wa sebule, anasonga bukari. Mwiko wake ulisikika ukigonga sufuria.

Tshilombo akasimama na chupa ya fanta.

"Bandugu, nitasema neno moja. Stanislas ni kijana wa kazi nzuri. Angeweza kutafuta bibi mwengine, mubichi, na hakuna muntu angemukatalia. Alisamehe. Hata babu zetu, si wote baliweza vile."

Wakapiga makofi. Mbelu alinyanyua mikono yake juu, machozi yakimtiririka. "Makala yangu haikupotea!" alisema. "Haikupotea, bantu yangu!"

Nyuma ya ukuta mwiko ukasimama.

Stanislas aliweka paja la kuku chini. "Mi sina kitu ya kusamehe," alisema.

Wakadhani ni unyenyekevu. Wakapiga makofi tena, na mjomba mmoja akasema: "Munasikia muntu wa Mungu!"

"Mukubwa, musipige mikono. Sina kazi."

Makofi yalizimika huku na huku, ya mwisho yakitoka kwa shangazi mmoja aliyekuwa kiziwi kidogo.

"Balinifukuza. Nilikunywa lutuku ku kilio, asubuhi nikapuliza ku mulango ya mine, ikawa nyekundu. Bakakata kadi yangu na mukasi. Buti ninavalaka mangaribi ni ya uongo. Barua Mujinga alikuwa anatuma mu bus ilikuwa yangu, ya kuomba kazi. Kabemba hana kosa. Mujinga hana kosa. Mi njo nilimutuma. Nilijua."

"Nyamaza, Stani," Mbelu alisema haraka. "Mutoto amepona. Unasema vile juu ya kumukinga bibi yako. Nyamaza, usiharibu."

"Yaya, ni kweli."

"Kama ulijua, juu ya nini alisema haukujua? Muntu anajitia tshibawu yeye mwenyewe? Juu ya nini?"

Stanislas alijaribu kutafuta jibu lenye nguo. Halikuwepo.

"Juu mi nilinyamaza," alisema. "Alinipa fasi ya kusema, nikafunga kamba ya kiatu."

Mbelu alishusha mikono yake polepole. Aliitazama, upande huu na upande ule, kisha akaifunika kwa kitenge chake ili watu wasiione. Tshilombo alibaki amesimama na chupa, hajui aiweke wapi.

"Basi tulimuketisha chini muntu asiye na kosa," alisema mwishowe, na sauti yake ikawa ya mzee kweli.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mujinga aliingia, mwiko mkononi, unga umemganda kwenye vifundo vya mikono. Watu wakajisogeza kumpa nafasi, wengine wakisubiri alie, shangazi mmoja akinyanyuka kumkumbatia. Alimpita. Aliwapita wote mpaka mlango wa mbele, akatoa komeo, akaufungua wote, na vumbi na mwanga vikaingia pamoja.

"Mi nilisemea inje," alimwambia mume wake. "We unasemea mu nyumba, na mulango umefungwa."

Stanislas alimtazama Tshilombo, lakini mzee alikuwa anatazama sakafu. Akainuka. Akatoka, akapita uani mpaka kwenye ua wa matete. Upande wa pili Mama Bilkisi alikuwa anaosha masufuria na mabinti zake, na chini kidogo, kwenye bomba, foleni ya ndoo ilikuwa ndefu kama kila Jumapili.

"Mama Bilkisi," aliita. Masufuria yalimzidi sauti, akaanza tena. "Mama Bilkisi, samahani. Niko na neno ya kusema juu ya bibi yangu."

Jirani alinyanyuka, akifuta mikono, uso wake ukijiandaa kumpongeza.

"Apana, ngoja kwanza," Stanislas alisema. "Ita na bale ba ku bomba."